The Den ya Millwall: nimeenda mara mbili upande wa wageni, haya ndo niliyoyaona

Aisee kabla sijaenda The Den, uwanja wa klabu ya Millwall ya London, kila niliyemwambia alinipa pole kama nimefiwa. Mmoja akaniuliza kama nimeshaaga. Ndo sifa ya huu uwanja, ukitaja Millwall kwa shabiki wa mpira London hakuulizi habari ya kikosi, anakuuliza utarudi saa ngapi na utapita njia gani. Sasa mimi nimeenda mara mbili, zote nikikaa na wageni (timu yangu siitaji, mtaanza kunicheka bure), nikaona niandike maana wengi wanaowatisha watu na huu uwanja ukiwabana vizuri hawajawahi kukanyaga pale.

Kwanza jina lenyewe, maana yake ni pango, na nembo ya klabu ni simba, kwa hiyo wewe mgeni unaingia pangoni kwa simba na wenyewe wanataka ulijue hilo toka mapema. Ila ukifika unashangaa. Nilitegemea uwanja mkongwe, matofali meusi, mabati yenye kutu. Kumbe ni uwanja wa 1993, majukwaa manne ya kisasa yamesimama kila moja kivyake, kona ziko wazi upepo unapita unavyotaka, siti za bluu, hakuna nguzo ya kukuziba macho, unaingiza watu elfu 20 na ushee basi. Ni kati ya viwanja vya kwanza kabisa Uingereza kujengwa upya vikiwa vya kukaa tu baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, mashabiki walipokufa kwa kubanana, na ile ripoti ya jaji Taylor iliyotaka watu waache kusimama kwenye viwanja vikubwa. Yaani huu uwanja ulijengwa makusudi uwe salama, halafu ndo umebeba sifa ya kutisha kuliko vyote, kuna namna inachekesha.

Mara ya kwanza nilienda na jamaa yangu mmoja, tukapanda treni London Bridge, kituo kimoja tu South Bermondsey hiyo hapo, dakika tano hata simu hujamaliza kusoma meseji. Kwenye treni jamaa ananinong'oneza kaka vua skafu, nikaikunja nikaiweka mfukoni. Tuliposhuka nikajua sasa ndo shughuli inaanza, kumbe hata barabara hatukuikanyaga. Kuna njia maalumu ya wageni inatoka stesheni moja kwa moja hadi nyuma ya jukwaa la kaskazini, ina uzio, polisi wamejipanga na walinzi wa uwanja na reflekta zao, unatembea humo kama ng'ombe anapelekwa josho. Upande mmoja reli, upande mwingine magodauni, na mbele unaona bomba refu la kiwanda cha kuchoma takataka. Shabiki wa Millwall hata mmoja hatukumwona kwa karibu mpaka tumekaa kwenye siti.

Na hapa ndo naanza kutofautiana na wanaosema ile njia ni kitu bora kabisa. Kiusalama sawa, kama una mtoto au unaenda na mzee pita humo humo usijaribu ujanja. Lakini kwa mtu anayependa kwenda kwenye mpira kwa ajili ya mji na watu, unaingizwa unatolewa kama mzigo, unarudi nyumbani unasema nilienda The Den wakati ulichoona ni uzio tu.

Wageni kwa kawaida wanawekwa ghorofa ya juu ya jukwaa la kaskazini, timu ikileta watu wengi na ya chini inafunguliwa, kwa jumla ni nafasi kama elfu nne hivi. Kutoka pale juu unaona uwanja wote vizuri, sina la kulalamika. Bia unaipata huko nyuma kwenye korido ila usiende nayo kwenye siti, hiyo ni sheria ya Uingereza nzima toka 1985, pombe mbele ya macho ya uwanja ni kosa, kuna mgeni mmoja safu ya mbele yetu alikuwa hajui akatolewa kabla hata mpira haujaanza, tiketi yake imeishia hapo.

Sasa kelele. Nyie, kelele za pale ni kitu kingine. Siyo kwamba wako wengi, siku ile uwanja haukujaa, ila wana ule mlio wao, wanalitaja jina la klabu silabi ya kwanza tu wanaivuta Miiiiiiiil bila kumalizia, unaanza chini chini kama mzinga wa nyuki uliorushiwa jiwe, unazunguka majukwaa, hujui umetokea wapi na hauishi. Siyo wimbo, hauna maneno, huwezi kuujibu. Mashabiki wetu ni waimbaji kweli kweli ila ule mlio ulipoanza sisi tukawa tunasikilizana wenyewe tu. Halafu kuna ule wimbo wao maarufu unaosema hakuna anayetupenda na hatujali, walianza kuuimba miaka ya 70 mwishoni magazeti yalipowaandama, na wanauimba kwa furaha kabisa, kama watu wanaosherehekea harusi. Pembeni kwetu kulikuwa na baba mtu mzima, mvi kichwa kizima, koti safi, alisimama kipindi chote cha kwanza ametugeukia sisi anatutukana kwa vidole, nadhani hata goli lao hakuliona. Haftaimu akakaa akafungua chupa ya chai akawa anamimina taratibu. Kipindi cha pili kikaanza akasimama tena.

Pale ndo nikaanza kuelewa. Ile ni kazi anayoifanya kila wiki ya mechi za nyumbani, na mimi mgeni bila kujua nimelipa kiingilio ili niwe sehemu ya onyesho. Wachezaji wageni nao inawaingia, muulize shabiki wa Leicester, 2017 walikuja hapa kwenye Kombe la FA wakiwa ndo mabingwa watetezi wa Ligi Kuu, Millwall yuko daraja la tatu halafu akabaki na watu kumi uwanjani, na bado Leicester akafungwa 1-0 dakika za mwisho. Msimu huo huo Bournemouth na Watford nao walishakufa hapo hapo.

Turudi kwenye sifa mbaya, maana ndo inayowafanya watu wasite kununua tiketi. Haikutoka hewani. Ila lile tukio linalotajwa kila siku, watu kuvamia uwanja na kurusha siti, ni la Machi 1985 na lilitokea Luton, Millwall wakiwa ndo wageni, wala siyo kwao, na matokeo yake Luton wakapiga marufuku mashabiki wageni kwa misimu minne. The Den hii ninayoizungumzia ilikuwa bado haijajengwa. Kilichotokea hapa ni Mei 2002, Birmingham waliwafunga dakika ya mwisho kwenye nusu fainali ya kuwania kupanda daraja, nje kukawa vita kati ya mashabiki na polisi, polisi zaidi ya 40 waliumia na farasi wao wengi tu. Hilo siwezi kulipaka rangi.

Na kuna la ngozi, siwezi kuandika kama vile mimi siyo mtu mweusi. Desemba 2020, mechi ya kwanza mashabiki kurudi baada ya korona, walikuwa elfu mbili tu uwanjani, wachezaji wa Millwall na wa klabu ya Derby County wakapiga goti kupinga ubaguzi wa rangi na sehemu ya mashabiki wakazomea, dunia nzima ikasikia. Mimi binafsi mara zote mbili sikuambiwa neno lolote la rangi, nimetukanwa kama shabiki wa timu fulani na siyo zaidi ya hapo. Ila siwezi kukwambia ile 2020 haikuwa kichwani mwangu, ilikuwepo toka London Bridge, na kuna wakati unatazama kundi la watu unajiuliza yupi kati ya hawa alizomea. Wachezaji weusi wamevaa jezi ile ile na wanashangiliwa kwa majina. Vyote viwili ni kweli, wewe utaenda na moyo wako.

Mara ya pili nikaamua kwenda peke yangu na nisipite ile njia ya uzio. Nikashuka stesheni ya Surrey Quays, nikatembea kama robo saa na zaidi kidogo, sina skafu wala jezi, koti jeusi tu, nimejichanganya na watu wa nyumbani. Na hapo ndo uwanja ukawa uwanja. Familia nyingi kinoma, mababu na wajukuu, watoto wa kike wamepakwa rangi ya bluu usoni, watu wa mtaa wanasalimiana kwa majina, unapita chini ya matao ya reli kwenye vichochoro vya giza ambavyo kwenye picha vinatisha ila mchana ule vilikuwa vimejaa watu wanaobishana habari ya kipa. Nilipofika karibu nikamuuliza mlinzi mlango wa wageni uko wapi, kwa sauti ndogo, yeye akanielekeza kwa sauti kubwa. Watu watatu wanne wakageuka. Wakacheka, wakaendelea na safari yao.

Siyo kwamba nakushauri ufanye hivyo kwenye mechi yoyote. Kama ni mechi ya upinzani, au ya usiku, au timu yako ina historia nao, pita njia ya wageni. West Ham, mahasimu wao wakubwa, ndo usiniulize kabisa.

Baada ya mechi (tulifungwa tena) nikarudi kwa miguu njia ile ile, nikajikuta natembea na mzee mmoja anachechemea. Akaanza yeye, refa refa refa, mimi naitikia tu. Mwisho akasema anajua mimi ni mgeni maana nilivyokuwa naitikia siyo mtu wa Millwall. Nikaishiwa pozi. Akacheka akanipa historia yote mpaka kituoni, kwamba klabu ilianzishwa 1885 na wafanyakazi wa kiwanda cha jamu upande wa pili wa mto, kwamba walivuka Thames 1910 na jina la Millwall wakalibeba ingawa mtaa wenyewe wameuacha ng'ambo, na kwamba yeye utotoni alikuwa anaenda ile Den ya zamani pale Cold Blow Lane ambako wageni walikuwa wanaogopa kweli. Hii mpya anaionaje? Akasema hii haina meno. Wageni mnaletwa kwa uzio mnarudishwa kwa uzio, nani atamtisha nani.

Treni yangu ikaja kabla hajamaliza habari ya baba yake na Cold Blow Lane. Msimu ujao tukipangiwa tena nitashuka Surrey Quays, na safari hii nitawahi.