Kuingia kliniki hadi ndani na mama kijacho: uzoefu wangu

Mke wangu yuko mwezi wa nane na huu ni ujauzito wetu wa kwanza. Tangu mwanzo tumekuwa tukienda kituo cha afya cha serikali hapa Dar es Salaam, kliniki ya bure, ile ya kuwahi alfajiri ili upate benchi. Kituo sitakitaja jina. Wanaume wanaosubiri mtoto wameniuliza kama kuna maana ya kwenda au ni kupoteza siku. Maana ipo, ila uingie mpaka chumba cha kupimia. Ukiishia getini utasimuliwa nusu, tena na mtu aliyechoka.

Mimi ni mwandishi. Naandika hadithi na makala, na mambo yakibana natafsiri na kuhariri kazi za watu. Kazi yangu inafanyika nyumbani, usiku zaidi, kwa hiyo asubuhi ya siku ya kazi naweza kuitoa. Fundi aliye saiti au kondakta wa daladala akiitoa asubuhi hiyo, ameitoa pamoja na posho ya siku. Kliniki ya kituo chetu ni Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi tu. Wakitaka kina baba waje kweli, wafungue hata Jumamosi moja kwa mwezi.

Foleni ina jambo linaloniuma. Pale kwetu, anayekuja na mwenza anahudumiwa mwanzo. Nia naielewa, wanataka kutuvuta, na sisi tumefaidika. Lakini siku ya kwanza tulimpita dada mmoja mwenye tumbo kubwa kuliko la mke wangu, kaja peke yake, na alipofika mbele akaambiwa arudi na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba mwenza hayupo. Akachukua mkoba wake akaondoka bila kupimwa chochote. Hili silikubali. Kumkaribisha baba ni jambo jema, kumrudisha mama nyumbani bila kipimo ni hatari, na kituo kinaweza kufanya la kwanza bila la pili.

Hudhurio la kwanza ndilo refu. Mnapimwa wote wawili virusi vya UKIMWI na kaswende, mnapewa ushauri na majibu pamoja kama mmekubali. Mama anapimwa pia malaria, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, uzito na presha. Tulitoka na chandarua chenye dawa na kadi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mjamzito aonwe angalau mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 hazijaisha, badala ya mara 4 za zamani. Kwetu ratiba imefuata mtindo huo, na kadiri mimba inavyokua tarehe zinakaribiana.

Sasa hiyo kadi. Ni kadi ya RCH (afya ya uzazi na mtoto) namba 4, karatasi ngumu inayokunjwa, na wengi huitunza kwenye mfuko wa nailoni bila kuisoma. Isomeni. Ndani kuna jedwali: kila hudhurio lina safu yake ya presha, damu, mkojo, kimo cha mimba, mlalo wa mtoto, mtoto anacheza au la, mapigo ya moyo wake, miguu kuvimba. Nikamwomba nesi anieleze mstari kwa mstari, naye akanieleza, bila haraka, na watu wako mlangoni. Presha ikifika 140 kwa 90 hawaichukulii kawaida. Kwenye mkojo wanatafuta protini, kwa sababu protini na presha vikipanda pamoja, kifafa cha mimba kinaweza kuwa njiani. Wingi wa damu ukishuka chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Kimo cha mimba hupimwa kwa tepu, kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya tumbo la uzazi, na kuanzia kama wiki ya 20 sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Tarehe ya matarajio nayo ina hesabu yake: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. Tangu siku hiyo, kila tukirudi nyumbani naangalia safu mpya na kuilinganisha na zilizotangulia. Damu ya mke wangu iliposhuka, niliiona kwenye kadi kabla hatujafika kituo cha daladala.

Na hapo ndipo suala la pemba likaja. Wasiojua, pemba ni ule udongo wa kuokwa unaouzwa sokoni, wajawazito wengi wanaupenda. Mke wangu alikuwa anautafuna kila siku na mimi nilikuwa nauona kama ndimu au embe bichi, tamaa ya mimba itapita. Nesi aliposikia akaweka kalamu chini. "Baba, huo udongo unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na unaweza kuleta minyoo. Wewe ndiye unayeenda sokoni?" Ni mimi. "Basi usinunue." Halafu akamgeukia mke wangu kwa upole, akamwambia vidonge vyekundu vya kuongeza damu avimeze kila siku, asivimezee chai kwa sababu chai nayo inazuia, na choo kikiwa cheusi asiogope. Maelezo haya ningesimuliwa getini, nisingeyapata yote. Mama mkwe wangu alipokuja kutusalimia na kifurushi cha pemba kutoka Tanga, nilikuwa na la kumjibu kwa heshima zote, na akanisikiliza.

Dawa za kuzuia malaria, SP, humezwa pale pale mbele ya nesi, vidonge vitatu kwa mkupuo, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikipita, na kati ya dozi na dozi lazima upite mwezi. Ulizeni maji ya kunywa kabla ya kuitwa, kwetu jagi huwa tupu ifikapo saa nne.

Nitakaa kidogo kwenye kipembe. Ni kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto, kama tarumbeta fupi ya chuma, hakina waya wala betri. Nesi alipapasa tumbo kwanza kwa viganja viwili, akatafuta mgongo wa mtoto upo upande gani, akaweka mdomo mpana wa kipembe pale, akainamisha sikio, mkono mwingine umeshika saa. Chumba kizima tulinyamaza. Akahesabu, akaandika 144, akaniambia kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Kisha akasema, "Njoo baba, usishike kifaa, weka sikio tu." Kwanza nikasikia damu ya mama yake, inapuliza taratibu. Halafu chini yake, mbali, pigo dogo jepesi la haraka, karibu mara mbili ya langu. Nimeandika kuhusu watu wengi wasiokuwepo duniani. Huyu yupo, na anafanya kazi usiku na mchana bila kusubiri sisi tumalize kununua beseni.

Kasoro kubwa ya huduma ni somo la asubuhi. Somo lenyewe ni zuri sana: dalili za hatari, lishe, kunyonyesha, uzazi wa mpango. Lakini linasemwa kwa kina mama peke yao, na sisi tulioketi nyuma tunashukuriwa tu kwa kufika. Ningependa nesi amgeukie baba amwulize: akianza kutokwa damu saa nane usiku, utafanya nini? Kichwa kikimuuma sana na macho yakaona ukungu? Uso na mikono ikivimba? Chupa ikipasuka kabla ya uchungu, au mtoto akiacha kucheza? Maana saa hiyo mwenye simu na pesa ya usafiri mara nyingi ni yeye. Mimi nimeandika dalili hizo kwenye karatasi na kuibandika mlangoni kwa ndani. Pembeni nimeandika 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Chini yake kuna majina ya ndugu wawili walio tayari kuchangia damu.

Kuhusu gharama, msidanganyike na neno bure. Kadi, vipimo vingi na dawa hatukulipia. Kuna siku vitendanishi vya mkojo viliisha, tukapima nje. Ultrasound tulifanya kwa mtu binafsi, Sh 25,000. Na kuna orodha ya vifaa vya kujifungulia tuliyopewa kwa mdomo: makintoshi (mpira wa kutandika), glavu, pamba, kibanio cha kitovu, wembe mpya, beseni, khanga safi. Ombeni orodha hiyo mapema, mnunue kidogo kidogo. Sisi tulianza mwezi wa sita wa mimba, na kila malipo ya makala yaliyoingia yalitoa kitu kimoja.

Waandishi wenzangu na wote mnaojiajiri, pangeni pia siku za kuwa nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya siku 3 zenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno, jirani zetu Kenya wanatoa wiki 2. Sisi tusio na mwajiri hatuna hata hizo, lakini kalenda iko mikononi mwetu. Nimewaandikia wahariri kwamba kuanzia wiki ya 37 sipokei kazi mpya, na miswada miwili niliyoahidi naimalizia sasa, usiku, mke wangu akiwa amelala kwa ubavu wa kushoto kama alivyoelekezwa.

Kwa ujumla ningeipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja naizuia kwa ajili ya yule dada wa barua. Manesi wale wanahudumia umati kwa vifaa vichache na bado wanajibu maswali. Kama mke wako ana wiki chache tu, msisubiri tumbo lionekane. Muende wote asubuhi na mapema, mbebe maji, daftari na kitafunwa. Hudhurio letu lijalo ni Alhamisi, na swali nililoandika juu kabisa ni kama wodi ya uzazi tutakakopelekwa inaruhusu baba akae na mama wakati wa uchungu.