Kuvusha vitunguu Namanga: nyota nne kwa madirisha, mbili kwa siasa

Haya ni maoni ya mfanyabiashara mdogo kwa wafanyabiashara wadogo, wenye kenta moja au wanaokodi. Mwenye malori ya tani thelathini ana wakala wake na mwanasheria wake, hanihitaji. Mimi natoa vitunguu Mang'ola, Karatu, napeleka Nairobi kupitia Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Ninachokipima hapa ni vitu viwili visivyoachana: Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, na cheti cha uasili kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile karatasi inayomwezesha mwenye mzigo mdogo kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha.

Jengo ndilo rahisi kulisifia. Lilizinduliwa Desemba 1, 2018 na marais wawili wa wakati huo, John Magufuli na Uhuru Kenyatta. Ukiwa unatoka Tanzania husimami kwetu kabisa. Unapitiliza hadi upande wa Kenya, na mle ndani unawakuta TRA na KRA, yaani mamlaka za mapato za kwetu na za kwao, uhamiaji wa kwetu na wa kwao, watu wa afya na watu wa mimea, wote chini ya paa moja. Anayekuja huku naye anamalizana na kila kitu upande wetu. Waliovuka zamani wanakumbuka: foleni, muhuri, panda gari, sogea mita chache, shuka, foleni tena, na katikati mvua au vumbi. Kitunguu hakina presha kama nyanya, lakini kikikaa chini ya turubai kwenye jua la Longido tangu asubuhi, magunia ya chini huanza kutoa jasho, na mnunuzi wa Nairobi akiingiza mkono akakuta unyevu, bei mliyopatana kwenye simu imekufa hapo hapo. Kwa hiyo kila foleni inayopungua mimi naihesabu kwa shilingi.

Cheti nacho ni kizuri, kwa namna kilivyoandikwa. Mzigo uwe umezalishwa ndani ya Jumuiya, uwe kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa (mahindi, maharage, vitunguu, matunda na nyinginezo nyingi za shambani), na thamani yake isizidi dola 2,000 za Marekani, yaani kama shilingi milioni tano za kwetu, kutegemea dola imeamkaje. Unakijaza pale pale mpakani, forodha wanakagua na kugonga muhuri. Fomu hailipiwi. Nasema tena kwa ajili ya akina dada wanaoanza: fomu hailipiwi. Karibu kila mpaka una vishoka wanaokuwahi ukiwa bado hujafungua mlango wa gari, wakikuita mama, shangazi, bosi, lolote, wakitaka hela ya kukujazia kitu unachoweza kukijaza mwenyewe kwa kalamu ya mia tano. Wasalimie, pita.

Ila usidhani cheti kinafuta kila kitu. Kinafuta ushuru wa forodha tu. Cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea, bado unakihitaji, na KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, wana haki ya kufungua gunia upande wa pili. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Beba pasipoti au hati ya dharura. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho tangu 2014, sisi bado. Sijawahi kusikia sababu ya kuniridhisha.

Hizo ndizo nyota nne. Sasa zile mbili.

Kinachonipa wasiwasi nikipakia magunia si dirisha la Namanga. Ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mpaka huu haufungwi na maofisa walioko mpakani. Hufungwa Dodoma au Nairobi, na mara nyingi hufungwa kwa barua moja. Wazee wanajua kwamba ulifungwa kweli kweli: Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Hatujarudi huko. Tulicho nacho siku hizi ni mpaka ulio wazi kwa watu lakini unaofungiwa bidhaa, leo hii, kesho ile.

Mwaka 2017 sisi ndio tulioanza. Ng'ombe zaidi ya 1,300 walioingia kutoka Kenya kutafuta malisho walipigwa mnada, na hapo hapo Namanga vifaranga 6,400 vikachomwa moto kwa hoja ya mafua ya ndege. Kuku wagonjwa ni hatari, sibishani na daktari wa mifugo. Lakini picha za vifaranga kwenye moto zilifika Nairobi kabla ya maelezo ya daktari. Machi 5, 2021 ikawa zamu yao: Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Baada ya siku chache wakalegeza, kwa masharti: mwagizaji ajisajili, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumu iko chini ya kiwango, ijulikane mahindi yamelimwa wapi. Masharti yenyewe yana akili, sumukuvu inaua. Lakini masharti yanayokuja baada ya lori kufika getini hayamsaidii mlaji wala mkulima.

Kisha ikaonekana jinsi mambo yanavyoweza kunyooka wakubwa wakitaka. Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi mwanzoni mwa Mei 2021, miezi miwili haijatimia tangu aapishwe, wakakubaliana na mwenyeji wake vikwazo viondolewe, na mwaka huo bidhaa zetu zilizoingia Kenya ziliongezeka karibu mara mbili kwa thamani. Shamba halikuwa limekua mara mbili. Barabara ya Arusha hadi Athi River ilikuwepo, kituo kilikuwepo, vitunguu vilikuwepo. Kilichobadilika ni hali ya hewa kati ya ikulu mbili. Oktoba 2022, Rais William Ruto alipokuja Dar es Salaam, tukatangaziwa kwamba kati ya vikwazo 68 vya biashara, 54 vimeshaondolewa na 14 vimebaki. Nikafurahi, halafu nikajiuliza hiyo 68 iliota lini, maana Umoja wa Forodha tunao tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010.

Halafu ukaja mwaka wa uchaguzi.

Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15. Kule Kariakoo amri hiyo ilishangiliwa, na naelewa kwa nini: machinga walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba wageni wanauza rejareja hadi vitu vya kando ya barabara. Wengi walikuwa wakiwalenga Wachina. Lakini soma orodha hadi mwisho. Kuna saluni, ufundi wa simu, uwakala wa fedha za mtandao, kuongoza watalii, uwakala wa forodha, na kuna ununuzi wa mazao shambani. Hicho cha mwisho kilitua Mang'ola. Wanunuzi wa Kenya walikuwa wakija wenyewe kando ya mifereji ya Eyasi, wanabonyeza kitunguu, wanang'oa kimoja wanaangalia shingo yake, wanapatana na mkulima, wanafungasha. Sasa mgeni akikutwa anafanya hivyo ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo. Nairobi wakalalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, mkataba wa nchi za Jumuiya wa kufunguliana soko, imekiukwa, na ukiisoma itifaki hiyo ni vigumu kuwaambia wanakosea. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 29, na yaliyotokea siku zile kila aliyekuwa na mzigo njiani anayajua. Intaneti ilizimwa, na biashara ya kupatana bei kwa WhatsApp ikazimika nayo.

Nisijifanye malaika. Amri ile imenipa kazi. Mteja wangu wa Nairobi, mama mmoja wa pale soko la Marikiti, sasa ananitumia hela nami nasimama shambani badala yake, nikimpigia picha gunia likiwa limefunguliwa, juu, katikati na chini, kwa sababu haamini picha ya juu. Ana haki. Ninapata kamisheni ambayo sikuwa naipata. Lakini bei anayotaja imeshuka kuliko aliyokuwa akitaja alipokuwa anashika kitunguu mwenyewe, na pengo hilo halitoki mfukoni mwangu, linatoka kwa mkulima. Na Wakenya hawajalala: wanapanda vitunguu vyao kwa bidii, na kila tunapowatisha tunawapa sababu ya kuongeza ekari.

Majukwaani pande zote mbili wanaimba ukuaji. Kwetu mwaka 2024 uchumi ulikua kwa asilimia 5.5, Kenya kwa 4.7. Sina ugomvi na tarakimu hizo. Ninachokiona ni kwamba chama kikitaka kura kinazungumza kuhusu jirani kama mwizi, na kikitaka kuonyesha ukuaji kinapiga picha na jirani huyo huyo kwenye zulia jekundu. Jumuiya sasa ina nchi wanachama nane, na biashara baina yao wenyewe bado ni kama asilimia 15 tu ya biashara yao yote. Mimi na kenta yangu tumo ndani ya hiyo 15, na kila msimu tunaingia bila kujua ni sura ipi ya jirani itakayokuwa kwenye taarifa ya habari.

Nikiulizwa nini kirekebishwe, siombi mkutano mwingine wa marais. Naomba kikomo cha cheti kiguswe. Dola 2,000 ni kikomo cha thamani, na kitunguu hakina bei moja. Msimu wa mavuno, tani tatu au nne zinaenea ndani ya cheti bila shida. Bei ikipanda, mzigo ule ule, gari lile lile, dereva na utingo wale wale, unavuka kikomo, na ghafla mimi ni mwagizaji mkubwa ninayehitaji wakala na makaratasi kamili, mwezi ule ule ambao ningepata faida. Ndiyo maana utawaona akina mama watatu wamekodi gari moja, kila mmoja na cheti chake na magunia yake yaliyofungwa utepe wa rangi tofauti. Ni halali kama magunia ni yao kweli. Kama si yao, ni uongo ambao sheria yenyewe imewafundisha. Kikomo kingewekwa kwa kilo kwa mazao ya shambani, na mizani ipo pale pale.

Mpaka hapo watakapofanya hivyo, pima mzigo Karatu kabla ya kuondoka, achana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na weka risiti ya mkulima juu ya makaratasi yote, maana ndiyo wanayoiomba kwanza wakitaka kujua thamani.