Uzoefu wangu: mistari ya mawe kwenye lipu ya ukuta wa nje

Nyumba yetu ya Tanga imejengwa kwa matofali ya saruji, na nilitaka kuta zake za nje zifanane na za mawe ya kuchonga bila kubeba gharama ya kubandika mawe yenyewe. Nilimpa kazi fundi wa lipu anayechora kwenye lipu mistari ya kuiga maungio ya mawe, na kuitoza kwa mita ya mraba, mbali na bei ya lipu. Sasa kuta zimeshapitiwa na masika, nami naona malipo hayo ya ziada yalistahili, ingawa si kwa sababu niliyoitarajia.

Kuchora kwenyewe hakuchukui muda. Kinacholipiwa hasa ni upimaji unaotangulia. Kabla saruji haijachanganywa, fundi alipima kutoka msingi hadi lenta (boriti ya juu ya madirisha), akagawa kimo hicho katika safu za takriban sentimita 30, kisha akazirekebisha kidogo ili mstari mmoja uangukie usawa wa chini ya madirisha na mwingine usawa wa lenta. Pale upimaji huu unaporukwa, juu ya dirisha hubaki kijiwe chembamba ambacho mwashi yeyote asingekiweka mahali hapo, na mtazamaji hushtuka mara moja. Kwenye kona mistari iliendelezwa upande wa pili, jiwe refu huku likiwa fupi kule.

Lipu ilipigwa tabaka mbili. La kwanza lilikwaruzwa na kuachwa likaze. La pili, lenye unene wa kama milimita 10, ndilo lililochorwa kwa kina cha milimita 4 hivi. Hapo muda ndio mtihani, kwa kuwa lipu mbichi hulala kingo na iliyokaza mno humeguka. Fundi alikuwa akibonyeza kwa kidole gumba, na kilipoacha alama hafifu bila kunata, alishika rula ya aluminiamu na kipande cha nondo kilichofuliwa ncha, akavuta kwa mkupuo mmoja. Ukingo wa chini wa kila mstari wa mlalo aliuinamisha kuelekea nje ili maji ya mvua yasituame. Alifuata kivuli, asubuhi kuta za magharibi na alasiri za mashariki, na kila aliposimamisha kazi aliishia kwenye mstari, hivyo maungio ya lipu hayaonekani kabisa. Faida hiyo peke yake ingenitosha.

Shemeji yangu anasema haya ni mawe ya uongo. Ni kweli, lakini hata zile nyumba za kifahari zinazozunguka Regent's Park jijini London, za mwanzoni mwa karne ya 19, ni za matofali yaliyopigwa lipu ili yafanane na mawe, na hakuna anayezicheka.

Lawama yangu iko kwenye rangi. Rola haifiki ndani ya mistari, kwa hiyo fundi wa rangi hulazimika kuipitia kwanza kwa brashi, naye hutoza ipasavyo. Ukuta wa kusini, ambao wakati wa masika hukaa kivulini, umeanza kuota ukungu wa kijani mistarini, na kuusugua kunataka uvumilivu. Kwa nyumba ningemwita fundi huyo huyo tena; uzio, unaorushiwa tope na kila gari linalopita, utabaki na lipu ya kawaida.