Uzoefu wangu na maabara iliyotupimia kinga ya wagonjwa wa saratani

Kwa miezi 14 nimekuwa nikisimamia sampuli za utafiti mdogo wa saratani ya mlango wa kizazi hapa Dar es Salaam, na kazi ya kupima kinga ya wagonjwa tuliikabidhi kwa maabara moja binafsi ya jijini.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilipanga mirija ya damu juu ya barafu, kama nilivyozoea kufanya kwa sampuli nyingine, na mtaalamu aliyepokea boksi akagusa mrija mmoja na kuniuliza kwa upole, "Kaka, nani kaipoza hii damu?" Akanieleza kwamba damu yenye heparini (dawa ya kuzuia kuganda) inayokusudiwa kutoa seli hai hukaa kati ya nyuzi 18 na 25 za Selsiasi, kwa kuwa ikipozwa au ikicheleweshwa granulosaiti, aina moja ya seli nyeupe za damu, hubadilika uzito, zikashindwa kuzama damu inapozungushwa juu ya Ficoll, kimiminika kinachotenganisha seli kwa uzito wake, na hatimaye zikachanganyika na limfosaiti, seli za kinga tunazozitafuta. Tatizo ni kwamba joto la gari lililokwama kwenye foleni ya Morogoro Road saa 7 mchana mwezi wa Februari si joto la chumba hata kidogo. Wiki iliyofuata walituletea maboksi yenye vifuko vinavyoshika nyuzi 22, nasi tukakubaliana kwamba damu iwafikie ndani ya saa 4 tangu kutolewa na seli zigandishwe siku hiyohiyo, zikishuka taratibu nyuzi 1 kwa dakika kabla ya kuhamishiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika.

Vipimo vyenyewe havifanani na CD4, hesabu ya seli za kinga tuliyoizoea CTC, yaani kliniki za matunzo na tiba ya VVU. Flosaitometa yao, mashine inayosoma seli mojamoja kwa mwanga wa leza, hutenganisha seli za CD8, zile zinazoua seli zilizoathirika, na kuonyesha ngapi zimebeba PD-1, protini ya juu ya seli ambayo ikizidi kwa muda mrefu huashiria seli zilizochoka, na kipimo cha ELISpot huhesabu seli zinazotoa interferoni gama, kemikali ya kinga, zikikutanishwa na vipande vya protini E6 na E7 za HPV 16, kirusi kinachosababisha saratani hii. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba kila awamu hupimwa pamoja na seli za mtu mzima mwenye afya njema, zilizogandishwa kwa fungu moja, hivyo mashine ikiyumba kati ya Jumatatu na Alhamisi inajulikana mara moja.

Sampuli 6 ziliharibika umeme ulipokatika na jenereta ikachelewa kuwaka. Wangeweza kutupa namba zozote nasi tusingegundua. Badala yake waliandika kwamba seli hai hazikufikia kiwango, wakakataa kuzipima, wala hawakututoza.

Lawama yangu ni moja, na si ndogo. Ripoti zilikuja zikiwa kurasa za kuchapwa tu, zenye asilimia na michoro, na faili ghafi za mashine tulizihangaikia kwa karibu miezi 2, ilhali bila hizo mtakwimu wetu hakuweza kuhakiki mipaka waliyochora kuzunguka kila kundi la seli. Katika mkataba mpya sharti la faili hizo nimeliweka ukurasa wa kwanza, juu ya bei.