Sensa ya ndege wa majini Ziwa Bogoria: tathmini ya mhesabuji wa kujitolea

Kwa mtu asiye na shahada ya sayansi lakini anayetamani kuwasaidia wanabiolojia kazini, sijaona nchini Kenya nafasi bora kuliko sensa ya ndege wa majini, ambayo Makumbusho ya Taifa na shirika la uhifadhi la Nature Kenya wamekuwa wakiiendesha pamoja na washirika wao tangu 1991. Mimi nilihesabu katika hifadhi ya Ziwa Bogoria, eneo oevu lililoingia mwaka 2001 katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu.

Sifa yake kubwa ni kwamba mgeni hufundishwa kazi akiwa kazini. Tuligawana ufuo, na kila kikosi kilikuwa na kiongozi mzoefu, wahesabuji na mwandishi. Kundi la heroe (flamingo) likiwa kubwa mno, unahesabu kumi, unalizoesha jicho lako nafasi wanayoichukua, unapanda hadi mia, kisha unalipima kundi zima kwa kipimo hicho; kila mhesabuji hutaja idadi yake, na zikitofautiana sana mnaanza upya. Heroe mdogo hutambulika kwa mdomo mwekundu uliokoza, ilhali wa heroe mkubwa ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Furukombe, yule tai mla samaki, akiwatimua heroe, na huko Bogoria huwawinda kweli, mwandishi hunakili upande walikoelekea ili kikosi jirani kisiwahesabu mara ya pili. Uangalifu huo una sababu: heroe wadogo huhamahama kati ya Bogoria, Nakuru na Elmenteita wakifuata chakula, kwa hiyo hesabu ya ziwa moja pekee inaweza kupotosha.

Kazi yenyewe ni ngumu. Jua likishapanda, mvuke wa joto juu ya maji huwafanya ndege wa mbali wasitambulike, hivyo ni lazima kuamka alfajiri, na kwa kuwa ziwa limefurika na kumeza sehemu ya barabara ya kando yake, mwendo wa miguu si mdogo. Darubini niliyoikodi katika duka moja la Nairobi ilishika ukungu ndani ya vioo. Ningeshauri uchukue ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, isiyoingia maji, uijaribu kabla ya kulipa. Ya 12x huonekana ya maana dukani, lakini mkononi hutikisika.

Anayetafuta mapumziko asiende. Mwenye subira na macho makini ajiandikishe mapema kwa sensa ya Januari, wakati ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wangali huku.