Uzoefu wangu wa miaka miwili na chesi ya polepole kwenye Lichess

Nimecheza chesi ya mwendo wa polepole kwenye Lichess, huduma ya kucheza chesi mtandaoni, kwa miaka miwili na miezi michache, na karibu michezo yote nimeichezea kwenye kibanda changu cha ushonaji karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, simu ikiwa imeegemea kopo la vifungo kando ya cherehani. Watu wanaoniuliza kuhusu huduma hii huanza kwa kutaka kujua kama ni ya bure na kama inakula bando, ilhali kinachoamua kama mtu ataipenda au ataiacha baada ya wiki tatu ni subira yake, pamoja na adabu kati ya watu wawili ambao hawataonana maishani.

Niyajibu hayo mawili kwanza. Lichess ni bure kabisa na haina matangazo. Ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na leo inaendeshwa na shirika lisilo la faida la nchini Ufaransa kwa michango ya watumiaji. Kuhusu bando, anayecheza hatua mbili tatu kwa siku hataona tofauti yoyote.

Utaratibu wake ni huu. Unapoanzisha mchezo unachagua idadi ya siku kwa kila hatua, kuanzia siku 1 hadi siku 14, na kila mmoja wenu akishacheza, mwenzake anahesabiwa siku hizo upya. Siku usizozitumia hazikusanyiki: ukijibu ndani ya dakika kumi leo, kesho huongezewi chochote. Nilichelewa kulielewa hilo, nikawa najibu harakaharaka kana kwamba naweka akiba, na michezo yangu mingi ya mwanzo niliipoteza kwa pupa huku nikiwa na siku mbili na saa ishirini na tatu ambazo sikuzigusa.

Asili ya pupa ile naijua. Nimekulia kwenye drafti ya vifuniko vya soda, ile inayochezwa kwenye benchi huku watazamaji sita wamesimama nyuma yako, na anayefikiri kwa zaidi ya nusu dakika huulizwa kama amelala. Pale kelele ni sehemu ya mchezo, na ushauri wa pembeni haumwudhi mtu sana. Kwenye chesi ya polepole sheria ni nyingine kabisa. Lichess inakuruhusu kufungua vitabu vya chesi na kuangalia kumbukumbu ya namna watu walivyocheza hatua za mwanzo huko nyuma, jambo ambalo kwenye michezo ya dakika chache ni marufuku. Lakini injini ya kompyuta, yaani programu inayokokotoa hatua bora, hairuhusiwi, wala msaada wa mtu mwingine. Naisisitiza tofauti hii kwa sababu ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya masafa, ile ambayo wapinzani hutumiana hatua wakiwa mbalimbali, lililoanzishwa mwaka 1951, lenyewe linaruhusu injini, na mtu anayetoka huko anaweza kudhani kwamba kila mchezo wa siku nyingi uko hivyo.

Sheria hiyo ilinijaribu mchana mmoja. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa anapiga pasi kola za mashati, akachungulia simu yangu na kusema, "Fundi, si umle tu huyo farasi?" Nikailaza simu kifudifudi na kumwambia, "Mwanangu, hapa hata ukiniona nazama, usininyooshee mkono." Alicheka, lakini mimi nilibaki na mzigo, maana ushauri ukishaingia masikioni hautoki, na sikuweza kujihakikishia kwamba ningemwona farasi yule bila yeye. Usiku nilimwandikia mpinzani wangu kupitia sanduku la ujumbe la mchezo, nikamweleza kilichotokea na kumwachia aamue kama angependa tuuhesabu mchezo kuwa sare. Alijibu kesho yake kwa mstari mmoja, kwamba tuendelee na kwamba anashukuru kuambiwa. Nilimla farasi, na mchezo ule nilishindwa, lakini bado ni miongoni mwa michezo ninayoiheshimu zaidi.

Thamani ya siku zenyewe niliiona kwenye mchezo mwingine, ambapo kila upande ulibaki na ngome moja, nami nilikuwa na askari mmoja ambaye mbele yake hapakuwa na askari wa adui wa kumzuia. Usiku wa kwanza niliona kila kitu kimekaa sawa: ngome yangu itangulie mbele ya askari, imsafishie njia ya kufika mwisho wa ubao. Niliijaribu hatua hiyo kwenye ubao wa uchambuzi, ambao Lichess inakupa ndani ya mchezo ili usogeze vipande kwa majaribio bila injini, nikaiandika kwenye sehemu ya kumbukumbu zangu binafsi, kisha nikajilazimisha kulala bila kuicheza. Asubuhi, nikiwa kwenye daladala kutoka Rau, nikaiona kasoro yake. Ngome inayokaa mbele ya askari wake inazidi kubanwa kila askari anaposogea, ilhali ile inayokaa nyuma yake inazidi kupata uwanja. Nikaizungusha ikae nyuma. Safari hiyo iligharimu hatua mbili, na hatua mbili hizo zilichukua siku tano za kalenda, mimi nikifikiri na yeye akifikiri. Klabu za chesi za Edinburgh na London zilicheza michezo 5 kwa barua kati ya mwaka 1824 na 1828, kwa hiyo siku zangu tano hazikuwa kitu. Ila kwa mtu aliyezoea benchi la drafti, kukaa na wazo usiku kucha bila kuligusa ni kazi ngumu sana, na huduma hii imenifundisha kuifanya kwa vitendo.

Sasa nifike kwenye jambo linalowakera wengi. Nilikutana na mpinzani ambaye kwa wiki tatu za kwanza alikuwa akijibu ndani ya saa moja, mchana na usiku. Nilipompokonya malkia wake, ghafla alianza kutumia siku zote tatu kwa kila hatua, akingoja hadi saa za mwisho. Hakuwa na la kuokoa, na hatua nne za mwisho zilichukua takriban siku kumi na mbili. Kwa mujibu wa sheria muda ule ni wake, na sikumwandikia neno lolote la kumharakisha, kwa kuwa kumharakisha mtu kwenye mchezo wa siku nyingi nako ni utovu wa adabu. Lakini nasema wazi kwamba anayeuburuza mchezo uliokwisha ili mwenzake achoke, au asahau na kuishiwa muda, anamkosea. Kukubali kushindwa kuna kitufe chake, na kukibonyeza hakumvunjii mtu heshima.

Hata hivyo, mgeni asichanganye mtu wa namna hiyo na mchezaji mzito. Nimecheza na mtu aliyetumia siku sita kati ya saba tangu hatua ya kwanza, akiwa anashinda na akiwa anashindwa, na huyo sina la kumlaumu. Ninachoangalia ni pale mwendo unapobadilika kwa sababu ya hasira.

Kuna adabu nyingine ndogo ambazo nimejifunza kwa kuzikosea. Ombi la sare likikataliwa lisirudiwe kila hatua. Salamu mwanzoni ni jambo jema, ila maoni kuhusu hatua za mwenzako yangoje hadi mchezo uishe. Kuhusu kuomba kurudisha hatua, mimi huacha, kwa sababu kuna mpangilio unaokutaka uithibitishe kila hatua kabla haijatumwa, na aliyepewa siku tatu na kitufe cha pili hana sababu ya kusema kidole kiliteleza. Tena usianzishe michezo mingi kwa mara moja. Nilipofikisha kumi na minne nilikuwa nafungua kila mmoja kama mtu anayelipa madeni, na wapinzani wangu walikuwa wanapata mabaki ya akili yangu. Sasa sizidishi minne.

Januari iliyopita, wiki ambayo shule zilikuwa zinafunguliwa, wazazi walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri sare za shule za watoto, nami nilikuwa na mchezo wa siku tatu ambao nilikuwa mbele kwa askari wawili. Taarifa ya kwamba muda wangu unakwisha ilikuja kwenye simu na niliiona. Nilikuwa nimeshika sketi ya bluu ambayo mama mmoja aliitaka kabla ya daladala ya mwisho, nikajiambia nitacheza nikimaliza zipu. Baada ya zipu ile kulikuwa na nyingine. Nilipoichukua simu saa nne usiku mchezo ulikuwa umekwisha, na nimeshindwa kwa muda. Lichess haina likizo ya kusimamisha saa, kwa hiyo anayejua kwamba msimu wa kazi unakuja achague siku nyingi tangu mwanzo. Sikufanya hivyo, na mpinzani wangu alistahili ushindi wake.

Sikumwandikia kulalamika. Yeye ndiye aliyeanza, akaandika kwamba alikuwa amezidiwa na kwamba ananipa pole kwa namna nilivyoupoteza, kisha akanitumia mwaliko wa mchezo mpya, siku saba kwa hatua, mimi nikiwa na vipande vyeupe. Tuko hatua ya kumi na tisa. Jana alimsogeza askofu mahali ambapo sikumtarajia kabisa, mvua imefukuza wateja tangu saa nane, na nina hadi Ijumaa jioni kumjibu.