Mtutu au meza: Msumbiji

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mtutu ulipewa miaka 15 na ushei. Ukaacha watu wapatao milioni moja kaburini, mabomu ya kutegwa ardhini, na Frelimo (chama tawala) na Renamo (waasi) wasioweza kumalizana.

Meza ilipewa miezi 27. Kuanzia Julai 1990 walikaa Roma, mtaa wa Trastevere, kwenye iliyokuwa nyumba ya watawa, wenyeji wao wakiwa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Jumuiya isiyo na askari hata mmoja! Ilianza na yale yanayowaunganisha mahasimu. Kwangu, hiyo ndiyo "heri wapatanishi" kwa vitendo. Oktoba 4, 1992, Rais Chissano na kiongozi wa Renamo, Dhlakama, wakatia saini mkataba wa amani.

Kweli, ukame nao uliwasukuma. Na risasi zilirudi 2013, zikarudishwa mezani tena: mkataba mwingine, 2019.